Ada ya Kukagua Kompyuta: Unalipia Nini Kabla Fundi Hajashika Bisibisi?

Mimi ni mtoto wa Pwani, lakini riziki ndiyo iliyonileta Kitengela, na huku bara nimejifunza mambo mengi ambayo sikuyajua nilipokuwa nyumbani. Moja ni vumbi. Ukisafisha meza asubuhi, alasiri unaweza kuandika jina lako juu yake kwa kidole. La pili ni umeme unaokatika na kurudi kwa kishindo. La tatu, ambalo ndilo lililonifanya niandike leo, ni kulipa pesa ili kuambiwa kompyuta yako ina ugonjwa gani.

Mpwa wangu anakaa nami na anasomea stashahada jijini Nairobi. Usiku mmoja umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena. Asubuhi laptopu yake haikuwaka. Taa haikuwaka, feni haikuzunguka, hakuna sauti yoyote. Ndani yake mlikuwa na kazi yake ya mwisho ya chuo, na zilikuwa zimebaki siku tisa tu aikabidhi. Nakala nyingine hakuwa nayo. Alikuja sebuleni ameikumbatia kama mtoto mwenye homa, akaniambia, "Mjomba, imekufa."

Tuliipeleka kwenye duka moja kubwa lililo kando ya barabara ya Namanga. Duka la vioo, kaunta safi, vijana wamevaa fulana za rangi moja. Kijana aliyetupokea hakuigusa laptopu. Alisema, "Kucheki ni elfu moja mia tano, boss. Unalipa kwanza."

Nikalipa kwa M-Pesa. Sikuuliza swali hata moja. Kosa lilianzia hapo, na lilikuwa langu.

Siku ya tatu nikapigiwa simu: madabodi imeungua, kubadilisha ni Sh22,000. Nikauliza ni sehemu gani ya hiyo bodi iliyoungua. Nikaambiwa, "Ni bodi yote." Nikauliza kama zile Sh1,500 zitatolewa kwenye hesabu. Nikajibiwa kwamba hiyo ni ya kucheki, haihusiani na kazi. Nilipoomba karatasi inayoonyesha walichokagua na walichokikuta, kijana alinitazama kama niliyeomba damu yake. Tukabeba laptopu yetu tukaondoka bila risiti wala maelezo. Siku sita zimebaki.

Kesho yake nilikuwa na shughuli mjini Kajiado, kwenye ofisi za kaunti. Nikaibeba ile laptopu ndani ya matatu, tukapita Isinya, na baada ya shughuli zangu nikaulizia fundi. Nikaelekezwa kwenye chumba kidogo karibu na steji. Mwenyewe alikuwa ameinama juu ya meza, taa ikimmulika usoni. Aliiona kofia yangu akasema, "Karibu ustadh, keti."

Naye pia alitaka ada ya kukagua. Nusura niinuke. Lakini huyu alivuta daftari la risiti akaandika mambo matatu: kukagua Sh500, jibu leo jioni, ukikubali kazi hizi Sh500 zinakatwa kwenye bei. Kisha akaifungua laptopu mbele yangu. Akapima chaja kwa mita yake, ikaonyesha volti 19 kama ilivyoandikwa juu yake. Akapima tundu la kuchomekea chaja, upande wa ndani, akakuta umeme haufiki kwenye bodi. Tundu lilikuwa limeungua na kulegea. Kulibadilisha, pamoja na kupuliza vumbi lililojaa kwenye feni, ikawa Sh2,500. Tukaondoa zile Sh500 nilizokwisha lipa.

Ile laptopu ikawaka. Nikampigia mpwa wangu simu, na nilichosikia upande wa pili kilikuwa kilio, lakini cha furaha.

Sasa, msomaji, sitaki ulione duka la kwanza kuwa ni la wezi. Huenda walikosea. Kompyuta isiyoonyesha hata dalili ya uhai inaweza kuwa na hitilafu kwenye bodi kweli, na fundi aliyechoka anaweza kusimama kwenye jibu la kwanza. Lakini tangu siku hiyo nimejiuliza: hii ada ni ya nini hasa? Ni halali? Na mtu ajikinge vipi? Nimeuliza mafundi, nimesoma sheria, na haya ndiyo niliyoyapata.

Kwa nini fundi anadai pesa kabla ya kazi

Yule fundi wa Kajiado alinionyesha rafu iliyokuwa nyuma yake. Ilijaa laptopu zilizolala, nyingine zimefunikwa gazeti. "Hizi zote nimezikagua," akaniambia. "Wenyewe waliambiwa bei, wakasema wanarudi."

Kutafuta ugonjwa wa kompyuta ni kazi, na mara nyingi ndiyo kazi kubwa kuliko kutibu. Kubadilisha RAM ni dakika chache. Kujua kwamba tatizo ni RAM, wala si diski, wala si programu, wala si joto, kunaweza kula nusu siku. Fundi anafungua parafujo nyingi ndogondogo, anatenganisha kibodi, anajaribu chaja nyingine, betri nyingine, diski nyingine. Anapima bodi sehemu moja baada ya nyingine akitafuta mahali umeme ulipokwama. Baadaye lazima arudishe kila kitu kama kilivyokuwa, ukubali kazi au ukatae.

Tena wapo wateja wa namna hii: wanakaguliwa bure, wanaambiwa kinachohitajika ni kifaa fulani, halafu wanapanda matatu hadi Luthuli Avenue jijini Nairobi kukinunua kwa bei nafuu na kumpa fundi mwingine akifunge. Fundi wa kwanza ndiye aliyetumia akili na muda wake, lakini hakupata kitu. Huyo naye ana kodi ya chumba na bili ya umeme.

Kwa hiyo ada yenyewe si dhuluma. Sisi tuliopita madrasa tutakumbuka somo hili. Katika fikihi kuna ijara, yaani kumwajiri mtu afanye kazi inayojulikana kwa ujira unaojulikana, na kuna juala, yaani zawadi anayopewa mtu akileta matokeo, kama yule anayekurudishia mnyama wako aliyepotea. Kwenye juala, hakuna matokeo, hakuna malipo. Kwenye ijara, mtu akifanya kazi mliyoagana anastahili ujira wake hata kama habari aliyokuletea ni mbaya. Ada ya kukagua ni ijara. Lakini neno zito katika ijara ni kujulikana. Kazi ijulikane na ujira ujulikane, kabla ya kuanza. Hapo ndipo maduka mengi yanapoteleza.

Malipo matatu yanayochanganywa

Nimegundua kwamba ugomvi mwingi kati ya mteja na duka unatokana na kuchanganya malipo ya aina tatu.

La kwanza ni ada ya kukagua. Hii unalipia muda na ujuzi wa fundi wa kutafuta tatizo. Akikuambia ukweli kwamba kompyuta haitengenezeki, ameshaistahili.

La pili ni arbuni. Hii ni sehemu ya bei ya kazi, unayotanguliza ili fundi aweze kununua kifaa au ajue hutatoroka. Arbuni inakatwa kwenye jumla. Wengi wetu tunalipa ada ya kukagua tukidhani ni arbuni, kisha tunashtuka hesabu inapokuja.

La tatu ni malipo ya kazi yenyewe pamoja na bei ya vifaa. Haya hayapaswi kudaiwa kabla hujaambiwa bei na kuikubali.

Kwa hivyo ukiambiwa "lipa kwanza," swali lako la kwanza liwe: hii ni ipi kati ya hizo tatu?

Sheria ya Kenya inasemaje

Katiba ya 2010, Kifungu cha 46, inampa mtumiaji wa bidhaa na huduma haki ya kupata huduma ya ubora unaofaa, haki ya kupewa habari zinazohitajika ili afaidike nayo kikamilifu, haki ya kulindwa masilahi yake ya kiuchumi, na haki ya fidia akipata hasara kutokana na kasoro. Kwa lugha yetu, duka halikufanyii hisani linapokueleza lilichokikuta ndani ya kompyuta yako. Ni haki yako.

Halafu kuna Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka wa 2012. Ndani yake kuna sehemu nzima inayohusu ukarabati wa magari na bidhaa nyingine. Imeandikwa hasa kwa kuyafikiria magari, na mwenye duka la kompyuta anaweza kubishana nawe kwamba haimhusu. Mwache abishane. Hata hivyo, kanuni zake ni mizani nzuri ya kupimia haki katika ukarabati wowote, na zinasema hivi kwa ufupi.

Fundi hapaswi kukutoza kwa kazi bila kwanza kukupa makadirio ya bei, isipokuwa wewe mwenyewe umeyakataa na ukamwekea kiwango ambacho asikivuke. Hapaswi kukutoza ada ya kutayarisha makadirio hayo kama hakukuambia mapema kwamba kuna ada, na ni kiasi gani. Ada hiyo ikitozwa, inahesabiwa kuwa imejumlisha muda wa kutafuta tatizo na gharama ya kukirudisha kifaa kama kilivyokuwa. Yaani asikutoze ada ya kufungua halafu akuletee ada nyingine ya kufunga.

Kisha kuna kanuni ambayo ningependa kila msomaji aibandike ukutani: ukikubali kazi na ikafanywa, ada ya makadirio haitozwi juu yake. Na bei ya mwisho isizidi makadirio kwa zaidi ya asilimia 10. Ukiambiwa Sh10,000, usipelekewe hesabu ya Sh14,000 kwa sababu ya "mambo mengine tuliyoyakuta." Wakikuta mambo mengine, wakupigie simu kwanza, ukubali au ukatae. Vifaa vilivyotolewa pia unapaswa kupewa nafasi ya kurudishiwa.

Ukitazama, yule fundi wa chumba kidogo cha Kajiado alikuwa akifanya karibu kila kitu ambacho sheria inataka, na sidhani aliwahi kuisoma. Alikuwa ametumia uungwana tu.

Hata wenzetu wa Ulaya wamefika hapo hapo. Umoja wa Ulaya ulipitisha mwaka wa 2024 sheria ya kuhimiza ukarabati wa bidhaa. Inaweka fomu moja ambayo fundi anaweza kuitumia kumweleza mteja hitilafu, bei na muda. Fomu yenyewe ni bure, lakini fundi anaruhusiwa kudai gharama za lazima za kukagua, mradi amemwambia mteja mapema. Akishaitoa, masharti yaliyomo hayabadiliki kwa siku 30. Ada imekubaliwa, ila lazima itangulie kusemwa na izae kitu ambacho mteja anaweza kukishika mkononi.

Kabla hujatoa hata shilingi

Kabla ya kwenda dukani, jaribu mambo machache nyumbani. Hayahitaji bisibisi.

Kama laptopu haiwaki kabisa, azima chaja nyingine yenye volti zilezile na tundu lilelile. Chomoa chaja, toa betri kama inatoka kwa nje, kisha ubonyeze kitufe cha kuwashia kwa nusu dakika. Irudishe na ujaribu tena. Kuna laptopu zinazofufuka kwa hilo tu, kwa sababu umeme uliobaki ndani umetoka.

Kama inawaka lakini skrini ni nyeusi, iunganishe na televisheni kwa waya wa HDMI. Picha ikionekana kwenye televisheni, kompyuta yenyewe ni nzima na tatizo lipo upande wa skrini au waya wake. Unaweza pia kumulika skrini kwa tochi ya simu. Ukiona picha hafifu kwa mbali, ni taa ya nyuma ya skrini iliyokufa.

Kama inazimika baada ya muda na imekuwa moto, sisi wa Kitengela tuanze kushuku vumbi kwenye feni kabla ya kushuku bodi.

Ukifanya hivi utaingia dukani ukiwa na maelezo, na fundi mwenye nia njema atafurahi kwa sababu umempunguzia kazi.

Ukifika dukani, uliza maswali haya kabla ya kulipa. Ada ni kiasi gani, na inahusu kukagua nini? Je, itakatwa nikikubali kazi? Nikikataa, laptopu nitaipata imefungwa vizuri, na lini? Nitapewa matokeo kwa maandishi? Na fundi akishindwa kujua tatizo, ada inarudi au hairudi?

Majibu yaandikwe kwenye risiti. Kama hawana daftari, tuma ujumbe wa WhatsApp mbele yao: "Nimeacha laptopu aina fulani, nambari ya nyuma ni hii, RAM kiasi hiki, nimelipa kiasi hiki cha kukagua, kitakatwa nikitengenezewa." Waombe wajibu "sawa." Piga picha ya laptopu pande zote. Mali bila daftari huisha bila habari, na ujumbe wa M-Pesa unaonyesha tu kwamba ulilipa, hauonyeshi ulilipia nini.

Ukipewa jibu kama lile langu, "madabodi imeungua," usikasirike. Uliza imejulikanaje. Fundi aliyepima anaweza kukuonyesha mahali alipopima na alichokikuta. Kwa kazi yoyote ya maelfu mengi, kutafuta jicho la pili kwa Sh500 si matusi kwa mtu. Hata kwa daktari tunafanya hivyo.

Kilicho ndani ni ghali kuliko chombo

Kuna jambo ambalo mpwa wangu alilijua kabla yangu. Hakuwa akililia laptopu, alikuwa akiililia kazi yake ya chuo. Kuna fundi ambaye dawa yake ya kila ugonjwa ni kufuta kila kitu na kuweka Windows upya. Kama hujasema, anaweza kufanya hivyo kwa nia njema kabisa. Kwa hiyo sema, na iandikwe: usifute chochote bila kuniuliza.

Na mafaili yako ni siri yako. Picha za familia, vyeti, taarifa za benki, vyote vinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kama tatizo ni tundu la chaja, fundi hahitaji nywila yako ili akae akiperuzi. Laptopu mkononi mwa fundi ni amana, na amana haichunguliwi.

Ukiona umeonewa

Anza na mwenye duka mwenyewe, kwa upole na kwa maandishi. Biashara haigombi, na mara nyingi aliye kaunta si mwenye mali. Asiposikia, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Na kama hasara ni kubwa, kwa mfano wameharibu mashine nzima, kuna Mahakama ya Madai Madogo iliyoundwa kwa sheria ya mwaka wa 2016. Inasikiliza madai yasiyozidi Sh1 milioni, unaweza kujisimamia bila wakili, na sheria inaitaka imalize kesi ndani ya siku 60. Lakini utaulizwa ushahidi, na ndipo unaporudi kwenye ile risiti na ule ujumbe.

Nina neno kwa wenye maduka pia. Bandikeni ada yenu ukutani, herufi kubwa. Andikeni mlichokikuta, hata mistari mitatu. Ikateni ada mteja akikubali kazi. Mteja aliyelipa Sh1,500 akatoka na karatasi yenye maelezo hatalalamika hata kama habari ni mbaya. Aliyetoka mikono mitupu atawasimulia watu kumi, na mmoja wao anaweza kuwa anaandika makala.

Mpwa wangu alikabidhi kazi yake siku moja kabla ya muda kuisha. Siku hiyo hiyo alinunua kidiski cha kuhifadhia nakala, akakifungia kwenye kabati pamoja na cheti chake cha kuzaliwa. Nami ile risiti ya Kajiado ninayo hadi leo ndani ya pochi. Juzi nilipeleka printa kwenye duka jingine hapa Kitengela, kijana akaniambia, "Kucheki ni elfu moja, unalipa kwanza." Nikaitoa ile risiti, nikaiweka kaunta, nikamwambia, "Sawa, kijana wangu. Niandikie kama hivi, halafu nitalipa."

Alisoma, akacheka kidogo, akaenda kutafuta kalamu.